Mahindi, Chokaa na Maharage: Elimu ya Wakulima wa Milima ya Guatemala

Msomaji akiitazama ramani ya Amerika ya Kati ataiona nchi ya Guatemala, kusini mwa Meksiko. Magharibi ya nchi hiyo ni nyanda za juu zenye milima na volkano nyingi. Volkano ya Tajumulco, ambayo urefu wake ni mita 4,220 hivi, ndiyo kilele kirefu kuliko vyote katika Amerika ya Kati. Katika nyanda hizo huishi Wamaya wa makabila mbalimbali, kama vile Wak'iche', Wakaqchikel na Wamam. Majivu ya volkano yamerutubisha udongo wao, lakini miteremko ni mikali, na ardhi yenyewe hutikisika. Tetemeko la tarehe 4 Februari 1976 liliua watu wapatao 23,000.

Chakula kikuu cha watu hao ni mahindi. Popol Vuh, kitabu cha Wak'iche' kilichoandikwa katika karne ya 16, chasimulia kwamba binadamu aliumbwa kwa mahindi. Uhusiano huo ni wa kale kweli. Wataalamu wamethibitisha kwamba mahindi yalitokana na nyasi ya porini iitwayo teosinti, ambayo wakulima wa kusini mwa Meksiko walianza kuichagua mbegu miaka 9,000 hivi iliyopita. Baada ya Wahispania na Wareno kufika Amerika, mahindi yalivuka bahari yakaenea Ulaya na Afrika.

Mbegu ilisafiri, lakini ujuzi wa kuiandaa haukusafiri nayo. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal wa Hispania aliona ugonjwa mgeni miongoni mwa wakulima maskini walioishi kwa kula mahindi. Ngozi yao ilibabuka palipopigwa na jua, wakaharisha, wakachanganyikiwa akili, na wengi wakafa. Ugonjwa huo ni pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua maelfu ya watu kusini mwa Marekani. Wengi walidhani unaletwa na vijidudu. Kuanzia mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba chanzo chake ni upungufu katika chakula, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akagundua kwamba kinachokosekana ni niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B.

Je, kwa nini Wamaya, ambao wamekula mahindi kwa maelfu ya miaka, hawakuangamizwa na pelagra? Jibu lina sehemu mbili: moja iko jikoni, na ya pili iko shambani.

Jikoni, mwanamke wa Kimaya hasagi mahindi makavu. Huyachemsha kwanza katika maji yaliyotiwa chokaa, akayaacha yalale humo usiku kucha, kisha akayaosha hadi maganda yakatoka. Ndipo yasagwapo na kuwa donge laini la kuokea mikate myembamba iitwayo tortilla. Niasini ya mahindi imefungamana na viini vingine kiasi kwamba tumbo haliwezi kuitumia vizuri. Chokaa huvunja kifungo hicho, na pia huongeza kalsiamu, madini yanayojenga mifupa.

Shambani, mahindi hayaoti peke yake. Katika shamba liitwalo milpa, maharage hupanda juu ya mabua ya mahindi, na maboga hutambaa chini. Majani ya maboga hufunika udongo, yakazuia magugu na kupunguza nguvu ya mvua juu ya mteremko. Katika mizizi ya maharage huishi bakteria wanaoinasa naitrojeni ya hewani. Aidha, maharage yana triptofani, sehemu ya protini iliyo haba katika mahindi, ambayo mwili huweza kuigeuza kuwa niasini.

Jambo hili si hadithi ya mbali. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga, zilizokuwa zikiwapatia niasini, zilikuwa zimekatika. Hapa kwetu, anayekula ugali pamoja na maharage, karanga au samaki anajikinga, ajue asijue. Anayekula ugali mtupu hana kinga hiyo.

Mwalimu aweza kuanzia shambani mwa shule. Wanafunzi na wang'oe mche wa maharage ulio karibu kutoa maua, wauoshe mizizi, wakitazame na kukipasua kinundu kimojawapo. Rangi ya waridi ndani yake ni dalili kwamba bakteria wanafanya kazi. Lakini chokaa ya kupaka ukuta isitiwe katika chakula kwa kujaribu, kwani huweza kuwa na uchafu wenye sumu.

Wamaya hawakujua jina la niasini. Walichunguza, wakalinganisha, wakahifadhi lililofaa, na mama akamfundisha binti. Maabara ilipokuja kueleza sababu, kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufanyika jikoni kwa karne nyingi.