Karakana iliyomo ndani ya simu

Wiki hii tuzungumzie simu ya mkononi. Si habari ya picha wala ya salamu zinazotumwa usiku kucha, bali kazi ambayo wengi wetu hatukujua kwamba simu inaiweza: kuandika programu ya kompyuta na kuiendesha papo hapo.

Jambo hili lilinifika nyumbani. Binti wa dada yangu yuko mwaka wa kwanza wa masomo ya kompyuta katika chuo kimoja hapa jijini. Walipewa zoezi la lugha ya C, la kurudishwa Jumatatu. Kompyuta za chuo ni chache na chumba hufungwa mapema, kwa hiyo mwenye uhakika wa alama ni yule mwenye kompyuta mpakato yake. Binti huyu ana simu ya Android tu, tena kioo kimepasuka pembeni.

Kwanza tuelewane. Lugha ya C, iliyobuniwa na Mmarekani Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, huandikwa kwa herufi ambazo binadamu anazisoma. Mashine haizielewi, yenyewe inajua tarakimu tu. Anayetafsiri ni programu nyingine iitwayo kompaila. Sisi wa redio tunaijua kazi hiyo: taarifa ya habari hutafsiriwa yote mezani, kisha ndipo msomaji huingia studio. Ndivyo C ilivyo. Lugha ya Python hufanana zaidi na mkalimani wa mkutano wa hadhara, anayetafsiri huku mgeni rasmi akiendelea kusema.

Kwenye simu kazi hii hufanyika ndani ya programu ya bure iitwayo Termux. Ukiifungua huoni picha, ila kioo cheusi kinachosubiri uandike amri. Ichukue F-Droid, ndiko watengenezaji wake wanakoelekeza watu. Ile ya duka la Google ilikwama kwa miaka kuanzia 2020, kwani masharti yaliyokuja na Android 10 yanazuia programu kuendesha mafaili yaliyoandikwa ndani ya nyumba yake yenyewe. Shabaha ni kuzuia wahalifu, nami siipingi, lakini mwanafunzi naye hufanya kitendo hichohicho.

Redioni amri hizi nilizisoma mara mbili mbili. Hapa mhariri amenipa nafasi nizipange:

pkg install clang
nano jambo.c
clang jambo.c -o jambo
./jambo

Ya kwanza inaleta kompaila, nayo hula bando, basi tafuta intaneti ya bure. Ya pili inafungua karatasi ya kuandikia. Ukimaliza, CTRL na O huhifadhi, CTRL na X hutoka. Ya tatu inatafsiri. Ya nne inaendesha, na kile kinukta na mkwaju mbele yake maana yake ni "lililomo humu nilipo". Na hii ndiyo programu yenyewe:

#include <stdio.h>
int main(void) {
  printf("Jambo, dunia\n");
  return 0;
}

Ukisahau nukta mkato mwisho wa mstari, kompaila itagoma na kukutajia namba ya mstari wenye kosa. Usikasirike. Anza na kosa la kwanza, maana ya chini yake mara nyingi ni watoto wake.

Jumamosi usiku nikasikia, "Mjomba, simu imekataa!" Kioo kimeandika Permission denied, yaani ruhusa hakuna. Tafsiri ilikuwa imepita bila kosa. Akatoa amri ya kuipa faili ruhusa, chmod, ikawa bure. Tulihangaika karibu saa nzima kabla ya kuona kwamba alikuwa anafanyia kazi kwenye kabati la mafaili yaliyopakuliwa, ili aweze kuyatuma kwa urahisi. Kabati hilo hutumiwa na programu zote za simu, na Android hairuhusu kitu chochote kuendeshwa humo: unaweka, unasoma, basi. Dawa ni kunakili maandishi kwenda nyumbani kwa Termux na kuyatafsiri upya kule:

cp jambo.c ~
cd
clang jambo.c -o jambo

Nyumbani huko, ./jambo ikaitika. Tahadhari moja: ukiifuta Termux, nyumba inabomolewa na vyote vilivyomo. Nakala ya maandishi ibaki kwenye kabati.

Sisemi simu ni sawa na kompyuta. Vidole vinachoka, na mabano ya C yamefichwa kwenye kibodi ya simu mpaka uyatafute. Lakini zoezi lilirudishwa Jumatatu asubuhi.

Sasa amejiandikia programu ya kugawa fedha za kikoba cha mama yake: shilingi 50,000 kwa watu 12. Ikatoa 4,166 kwa kila mmoja. Dada yangu, ambaye ni mweka hazina, akachukua kalamu, akazidisha, akapata 49,992, akauliza shilingi nane zimekwenda wapi. Kumbe katika C namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, kinachobaki hutupwa kimya kimya. Binti amerudi kwenye kioo cheusi kuitafuta alama ya asilimia, ambayo katika C ndiyo inayotoa baki.