ASKARI ALIYE LIKIZO NA WAJIBU WA KUPATIKANA KWA SIMU

Jamaa za askari, hapa Visiwani na upande wa Bara, wamekuwa wakiuliza mara kwa mara suala ambalo jawabu lake halifahamiki vyema: je, askari aliyemaliza zamu yake, au aliyepewa likizo akenda kwao, analazimika kuiacha simu yake wazi usiku na mchana ili wakubwa wake wampate?

Suala hili linawagusa wengi. Wapo vijana wa Unguja na Pemba wanaotumikia vikosi vilivyoko Bara, na wapo askari wenye wake, wazee na mashamba katika Wilaya za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga, ambao hurejea huko kila wapatapo likizo. Maelezo yafuatayo yanaonesha msingi wa wajibu huo, mipaka yake, na hatua za kuchukua ili mtu asije akaadhibiwa kwa jambo ambalo angeliweza kuliepuka mapema.

Msingi wa wajibu

Inapasa ieleweke kwanza kwamba ulinzi na usalama ni jambo la Muungano, kama lilivyotajwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, linaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966. Kwa hivyo askari wa jeshi hilo, awe mzaliwa wa Chake Chake au wa Korogwe, sheria yake ni moja. Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kama KMKM na JKU, zina sheria zao wenyewe, na watumishi wake hawana budi kupata maelezo kwa wakuu wao.

Sheria hiyo ya 1966 ilitungwa wakati simu ya mkononi haijakuwepo. Huduma ya simu hizo ilianza nchini katika mwaka 1994. Kwa hivyo wajibu wa askari haukuzaliwa na simu. Umetokana na mambo mawili ya zamani zaidi. La kwanza ni kwamba askari wa jeshi la kudumu yumo chini ya sheria ya nidhamu wakati wote, awe kambini, njiani au nyumbani kwake. La pili ni kwamba anapaswa kutii kila amri halali ya mkubwa wake. Simu ni chombo tu cha kuifikisha amri hiyo, kama zilivyokuwa barua, tarishi na simu ya upepo katika zama zilizopita.

Hapa ndipo askari anapotofautiana na mfanyakazi wa kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inayotumika Bara, imeweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, lakini imeeleza wazi kwamba haiwahusu askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Askari hawezi kujitetea kwa kusema kwamba saa zake zilikuwa zimekwisha.

Sababu yake si ngumu kuiona. Maafa hayachagui saa. Mabomu ya ghala la silaha la Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yaliripuka usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi alfajiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba mwaka huo huo, siku ambayo maofisi mengi yalikuwa yamefungwa. Katika saa kama hizo, kila dakika anayokosekana mtu mwenye ujuzi huwa na thamani ya roho za watu.

Hali tatu zisizolingana

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba askari hufungwa na wajibu ule ule katika kila hali. Zipo hali tatu.

Hali ya kwanza ni ya askari aliyewekwa katika zamu ya dharura. Huyu, ijapokuwa yuko nyumbani, amekwisha kuamriwa apatikane. Akiizima simu yake kwa makusudi, ameivunja amri.

Hali ya pili ni ya askari aliyemaliza kazi ya siku na hakupangiwa zamu. Huyu hufuata utaratibu wa kikosi chake. Pale mkuu wa kikosi alipoamrisha simu ziachwe wazi, amri hiyo itiiwe. Pasipo na amri, kulala simu ikiwa imezimwa si kosa peke yake, maadamu atafika kazini kwa wakati.

Hali ya tatu ni ya askari aliye likizo kwa ruhusa iliyoandikwa. Huyu ana haki ya kupumzika, na wajibu wake mkubwa ni kurejea siku iliyotajwa. Lakini likizo ni ruhusa, na ruhusa huweza kukatizwa haja ya Taifa inapotokea. Ndiyo maana hutakiwa aache anuani ya mahali atakapokuwa.

Mfano wa Handeni na Korogwe

Na uchukuliwe mfano wa askari anayetoka kikosini kwenda likizo kwao. Akifika Korogwe mjini, penye reli iliyofika tangu mwaka 1902 na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, hapati tabu ya mawasiliano. Lakini akipanda milima ya Bungu au Vugiri, au akivuka kwenda Handeni na kuteremka hadi mashamba ya Kwamsisi, huenda akaingia katika bonde lisilofikiwa na mawimbi ya simu, au akakosa umeme wa kuchajia. Siku ya kumi kikosi kinampigia asipatikane.

Je, amekosa? Jawabu linategemea alichokifanya kabla ya kuondoka. Amri haiwezi kutiiwa na mtu ambaye haijamfikia. Ikiwa aliandika kijiji chake kwa ukweli, akaacha na njia nyengine ya kumpata, kisha akarejea kwa tarehe yake, hakuna msingi wa kumwita mkaidi. Ikiwa aliandika Korogwe naye akaenda kwengine, au aliipata khabari ya kuitwa akajifanya hakuipata, hapo mambo hubadilika. Na ikiwa siku ya kurejea imepita pasipo ruhusa mpya, hilo ni kosa la kutokuwepo kazini bila ya ruhusa, na simu iliyokwisha chaji haiwi udhuru. Kosa hilo nalo si sawa na utoro wa moja kwa moja, ambao ndani yake imo nia ya kutorudi tena.

Hali katika nchi nyengine

Mjadala huu haupo Tanzania pekee. Mwezi wa Februari 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mzimamoto wa mji wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa akae nyumbani na awe tayari kufika kituoni ndani ya dakika 8. Mahakama ilisema muda huo ni wa kazi, kwani mtu huyo hakuwa huru. Julai 2021, katika kesi ya askari wa Slovenia, mahakama hiyo hiyo ilisema kanuni za saa za kazi huweza kumhusu hata mwanajeshi, isipokuwa katika shughuli kama operesheni na mafunzo ya kivita. Hukumu hizo hazina nguvu nchini mwetu, lakini zinaonesha kwamba kumtaka mtu awe tayari ni mzigo, na mzigo hupaswa kuwekwa kwa utaratibu unaojulikana.

Mambo ya kuzingatia

Askari anayekwenda likizo anashauriwa:

1. Aulize kwa wazi, kabla ya kuondoka, kama anatakiwa apatikane na kwa njia gani.
2. Aandike kijiji, kata na wilaya, na pale simu isipofika, aache namba ya jamaa au jirani aliye mjini, kwa ridhaa ya mwenyewe.
3. Aitunze karatasi ya ruhusa yake mpaka atakaporejea.
4. Akipatwa na maradhi au msiba, atoe taarifa mapema, na apate cheti cha hospitali au barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji. Kwa Visiwani, barua ya Sheha.

Jamaa nao wana sehemu yao. Ujumbe wa kikosi ukifika kwa mke, mzee au jirani, ufikishwe siku ile ile, kwani kuuficha kwa huruma ni kumtia askari matatani. Vile vile wasimpe mtu wasiyemjua namba ya askari wala khabari za safari yake.

Kwa ufupi, askari hakulazimishwa na sheria kuwa mtumwa wa simu, wala hakupewa uhuru wa kutoweka. Alichokiahidi siku ya kiapo ni kwamba akiitwa ataitika. Na ahadi ni deni.