Kula ya Oili au Kipozaoili? Jina la Kifaa na Gharama ya Kukosea

Hivi karibuni tulipata nafasi ya kupita katika gereji kadhaa za mjini Bukoba na za Muleba, kwa kusudi la kukusanya maneno yatumiwayo na mafundi wa magari. Katika gereji mojawapo tulionyeshwa injini ya dizeli iliyonoki, yaani iliyokamatana ikawa haizunguki tena. Kisa chake kinahusu kazi yetu sisi watu wa lugha kuliko tulivyotazamia.

Dereva wa gari hilo alikuwa ameandika katika fomu ya kuomba matengenezo maneno manne tu: "Gari linahitaji oili kula." Aliyeipokea fomu ofisini alikuwa mjuzi wa Kiswahili, lakini si mtu wa magari. Alidhani kwamba dereva amepindua maneno, na kwamba alikusudia kusema gari linakula oili. Akaidhinisha inunuliwe oili. Oili ikaongezwa, kifaa kilichopasuka kikaachwa mahali pake, na gari likaendelea na safari za milimani hadi injini ikafa.

Hatuoni kwamba yupo mzembe katika kisa hiki. Dereva alitumia neno la gereji, na karani alitumia neno la kamusi. Ni maneno mawili yanayofanana kwa sauti na kwa maandishi, lakini yametoka mbali: moja ni kitenzi chetu cha siku zote, la pili ni jina la kifaa lililokopwa kutoka Kiingereza kwa kufuata masikio. Palipokosekana istilahi moja inayoeleweka gereji na ofisini, injini ndiyo iliyolipa.

KIFAA CHENYEWE

Kabla ya kukipa kitu jina yafaa tukijue. Oili ya injini ina kazi zaidi ya kulainisha: hubeba pia joto kutoka kwenye pistoni na beringi. Kwa kawaida hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la nyuzi 90 hadi 110 hivi za Selsiasi. Ikizidi sana hapo huwa nyepesi mno, utando wake unaotenganisha chuma na chuma hupungua nguvu, na oili yenyewe huzeeka upesi. Kwa hiyo injini nyingi, hasa za dizeli na za magari ya mizigo, zimewekewa kifaa ambamo oili hupita ili ipoe kabla ya kurudi kazini.

Kifaa hicho ni cha namna mbili. Namna ya kwanza hupozwa kwa hewa. Mfano unaojulikana sana ni gari dogo la zamani la Volkswagen, ambalo injini yake haina maji kabisa. Hapo kifaa kilisimamishwa ndani ya njia ya upepo wa feni, na kwa kuwa kiliikinga silinda ya tatu, silinda hiyo ilipata joto kuliko wenzake. Kuanzia miundo ya 1971 kilihamishiwa katika njia yake ya pembeni. Namna ya pili hupozwa kwa maji, kama ilivyo katika injini nyingi za dizeli za Toyota Land Cruiser: oili hupita ndani ya sahani nyembamba za chuma, na maji ya rejeta huzunguka nje ya sahani hizo.

Tofauti hii si ya mafundi peke yao. Mfasiri anayeandika "angalia kama oili imeingia katika maji" bila kutaja namna ya kifaa, humwamuru mwenye Volkswagen ya zamani atafute maji yasiyokuwapo.

MAJINA YALIYOPO

Tulikuta majina matatu. La kwanza ni kula, au oili kula. Sifa yake ni kwamba fundi na muuza spea hulielewa mara moja. Kasoro yake tumekwisha kuiona: katika lugha hiyo hiyo ya magari, kula oili ni ugonjwa wa injini, yaani oili kupungua kwa kuungua ndani ya silinda. Haifai jina la kifaa na jina la ugonjwa yafanane hivi, hasa pale ambapo vyote viwili huandikwa katika fomu moja.

La pili ni rejeta ya oili. Jina hili lina mantiki kwa kifaa kinachopozwa kwa hewa, maana kwa umbo hufanana na rejeta ndogo. Lakini kile cha maji hakifanani nayo hata kidogo. Kimefichwa ubavuni mwa bloku. Atakayeambiwa asafishe rejeta ya oili ataitafuta mbele ya gari, na asipoiona huenda akaosha rejeta ya maji akaridhika.

La tatu tulilikuta katika tafsiri, wala si midomoni mwa mafundi: kipoza mafuta. Muundo wake ni mzuri, ila neno mafuta ni pana mno. Kwa dereva, mafuta ni petroli au dizeli inayojazwa katika tangi. Nyumbani ni ya kupikia, na mengine ni ya kujipaka. Tena yapo magari ya dizeli yenye kifaa cha kupoza dizeli yenyewe. Jina hilo basi litafaa kwa kifaa hicho, si kwa hiki.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kipozaoili, wingi wake vipozaoili. Muundo huu si mgeni: umefuata njia ya kipimajoto na kipazasauti. Neno oili limekwisha kuzoeleka na linatenga dhana inayotakiwa. Waandishi waangalie tu kuandika "poza" kwa o moja, kwani kupooza ni jambo lingine. Wala hatusemi kwamba kula litoweke gerejini. Tunasema lisiandikwe peke yake katika fomu, mtihani au mwongozo.

VITENZI NAVYO VINA HATARI

Jina likisha kupatikana, kazi haijesha. Tuliona kwamba makosa makubwa zaidi hutokea katika vitenzi.

Kusafisha ni neno la jumla mno. Kipozaoili cha hewa huoshwa nje kwa brashi na mafuta ya taa, ili kutoa udongo uliogandamana na grisi katikati ya mapezi yake. Katika mkoa ambao Bukoba hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi, na ambao barabara za vijijini ni za udongo, kazi hii si ya mara moja. Ndani, kipozaoili huzibuliwa: humiminiwa mafuta ya taa mpaka tope la oili litoke, hupulizwa kwa hewa ya kompresa, kisha husuuzwa kwa oili safi. Kuosha, kuzibua na kusuuza ni hatua tatu. Mfasiri akiziita zote kusafisha, ile ya pili ndiyo husahauliwa.

Lakini kipo kipozaoili ambacho hakisafishwi. Beringi zikisagika, vipande vyake vidogo vya chuma huchukuliwa na oili na kunasa katika njia nyembamba za kifaa. Hata kikioshwa namna gani, baadhi hubaki, na siku injini mpya inapowashwa hutoka na kukwangua beringi mpya. Hapo neno sahihi ni moja tu: weka kipya.

Nako kuna mtego. Kitenzi cha Kiingereza kinachotumiwa sana katika vitabu vya ufundi kina maana mbili: kurudisha kitu mahali pake baada ya kukifungua, na kuweka kingine kipya badala yake. Vitabu vya Uingereza vya zamani mara nyingi vilikitumia kwa maana ya kwanza, vikawa na kitenzi kingine kwa ya pili. Mfasiri asiyejua hilo huandika "rudisha gasketi" pale ilipotakiwa mpya, au humnunulisha mtu kifaa kipya pale alipotakiwa kukifunga tu kile cha zamani. Kitenzi badilisha nacho hakitoshi, kwa kuwa huweza kumaanisha kupeana nafasi. Tunashauri iandikwe wazi: "rudishia kile kile" au "weka kipya."

KUTAMBUA UGONJWA

Mafundi wa Bukoba husema "oili imekuwa uji" au "imekuwa maziwa" wanapoona oili na maji vimechanganyika. Ni semi nzuri, na tunaona zifaa hata kwa vitabu, maana zinaeleza hasa lionekanalo kwa macho. Injini inapofanya kazi, msukumo wa oili huzidi ule wa maji. Kwa hiyo kipozaoili kikipasuka, oili hupenya na kuonekana kama uji katika rejeta. Injini ikizimwa, msukumo wa oili hukoma ilhali maji ya moto bado yanasukuma, na hapo maji nayo huweza kuingia katika oili.

Hata hivyo, dalili hiyo hiyo huletwa na gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Anayeandika mwongozo asiseme "uji ni dalili ya kipozaoili kibovu", bali "huenda ikawa dalili". Uthibitisho hupatikana kwa kukifungua kifaa, kuziba matundu yake isipokuwa moja, kukizamisha katika maji na kukipuliza hewa. Mapovu yakitoka, kimepasuka.

MAPENDEKEZO

1. Kipozaoili: kifaa cha kupunguza joto la oili ya injini.
2. Kipozaoili cha hewa. Kipozaoili cha maji.
3. Kula oili: injini kuunguza oili.
4. Kuvuja oili: oili kutoka nje ya injini.
5. Kuchanganya oili na maji: kimoja kupenya katika njia ya kingine.
6. Kuosha (nje); kuzibua (ndani); kusuuza (kumalizia).
7. Kurudishia, kuweka kipya.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na istilahi ni sehemu kubwa ya kazi yake. Lakini istilahi haizaliwi mezani peke yake. Kagera ni nchi ya wafua chuma wa kale. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri zao huko Katuruka na pwani ya Kemondo, ya miaka mingi kabla gari halijabuniwa. Watu wale hawakungoja mtu wa nje awape majina ya tanuri na mivukuto yao. Mafundi wa leo nao wana maneno yao, na wajibu wetu ni kuyasikiliza kwanza, kuyapima, na kurekebisha tu pale yanapoweza kudhuru.

Tunawaomba wafasiri, walimu wa shule za ufundi na maofisa wanaopokea fomu za matengenezo wayajaribu mapendekezo haya na kutuletea maoni. Dereva atakayeandika "kipozaoili kimepasuka" hatajibiwa kwa kupewa oili.