KATAMARI DAMACY: Gemu ya kuviringisha bonge. Uanzie wapi, ukusanye nini?

Leo tuachane kidogo na magemu ya mpira na ya ngumi. Kuna gemu moja ya Kijapani ambayo ukiikuta unaweza kuipita ukidhani ni ya watoto wa chekechea: kuna kijamaa kidogo cha kijani, kichwa kama mto wa kulalia, kinasukuma bonge la takataka sebuleni. Usiipite. Inaitwa Katamari Damacy, na ni moja ya gemu zilizotulia kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye PlayStation 2.

Anayeianza bila kuelekezwa huwa anakwama mapema. Hajui pedi inashikwaje, na hajui kinachotafutwa ni nini. Na kama unalipia kwa saa, dakika ishirini za kugongagonga ukuta ni hela yako inaondoka. Kwa hiyo leo nawapa ramani nzima: aina za mchezo zilizomo, vitu vya kukusanya, na saa yako ya kwanza uitumie vipi.

IMETOKA WAPI

Aliyeibuni ni Keita Takahashi, Mjapani aliyesomea uchongaji wa sanamu kabla ya kuajiriwa na kampuni ya Namco. Ilitoka Japani Machi 2004, halafu Marekani Septemba mwaka huohuo. Jina lake ni maneno mawili: la kwanza ni bonge, la pili ni roho. Yaani "roho ya bonge". Mwaka 2012 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliiingiza kwenye hazina yake pamoja na gemu nyingine 13, zikiwemo Pac-Man na Tetris. Kwa hiyo mzee akikuuliza unapoteza muda na nini, mwambie unaangalia sanaa.

Usipokuwa na PlayStation 2, usijali. Desemba 2018 ilitoka upya kwa jina la Katamari Damacy Reroll kwa ajili ya kompyuta na Nintendo Switch, na Novemba 2020 ikafika PlayStation 4 na Xbox One. Gemu ni ileile, picha imesafishwa.

STORI KWA KIFUPI

Mfalme wa Ulimwengu Wote alikwenda kula raha usiku, akaharibu nyota zote za angani. Zote! Mwezi nao haupo. Asubuhi badala ya kusafisha mwenyewe, anamtuma mwanawe, Mwanamfalme mwenye kimo cha sentimita 5 tu, ashuke duniani na kitu cha mviringo chenye kunata kinachoitwa katamari. Kazi: viringisha, vitu vinate, bonge likue, kisha Mfalme alirushe angani liwe nyota mpya. Mfalme mwenyewe anajiita "Sisi" kama masultani, hasifii kirahisi, na ukishindwa utasimangwa mpaka ukome.

Ukishaelewa hilo umeelewa sheria nzima: kitu kidogo kuliko bonge lako kinanata, kikubwa kuliko bonge lako kinakugonga. Hakuna bunduki wala goli la kufunga.

PEDI INASHIKWAJE

Hapa ndipo pa kukazania. Sahau vitufe kwa muda, gemu inaendeshwa na vile vijiti viwili vya pedi kwa pamoja, kama unasukuma mkokoteni kwa mikono miwili.

- Vijiti vyote mbele: unasonga mbele. Vyote nyuma: unarudi.
- Kimoja mbele, kingine nyuma: unageuka palepale ulipo.
- Vichezeshe haraka haraka kwa kupokezana, mbele na nyuma: unachomoka kwa kasi. Itumie kuvuka uwanja mtupu, sio ndani ya chumba chenye vitu vingi.
- Bonyeza vijiti vyote viwili chini kwa pamoja: Mwanamfalme anaruka upande wa pili wa bonge, unatazama ulikotoka. Ukibanwa kwenye kona, hii ndiyo inakuokoa.

Kwenye kompyuta tafuta pedi. Kwa kibodi inawezekana, ila utahangaika.

AINA ZA MCHEZO

1. Kutengeneza nyota. Kwenye skrini utaona Make a Star. Hii ndiyo njia kuu. Unapewa ukubwa wa kufikia na muda. Ya kwanza unaanza na sentimita 5, unatakiwa ufike 10 ndani ya dakika 3. Hapo unaokota pini, kete na vitu vya mezani. Hatua zikienda mbele unatoka sebuleni unaingia mtaani, unaokota paka, baiskeli, watu, magari, miti. Ya mwisho ni kutengeneza Mwezi wenyewe: mita 300 ndani ya dakika 25. Hapo unabeba majengo na meli.

2. Makundi ya nyota. Hizi ni kazi za pembeni, na hapa ndipo gemu inaonesha utundu wake. Kwenye kundi la Kaa unahesabiwa kaa uliookota. Kwenye Samaki unahesabiwa samaki. Angalia mbili zenye mtego: Dubu na Ng'ombe. Unatakiwa umlete dubu mmoja au ng'ombe mmoja, mkubwa iwezekanavyo. Lakini ukigusa tu dubu wa kwanza, hata kama ni kidoli, mchezo umeisha na ndiye huyohuyo unayempelekea Mfalme! Kwa ng'ombe ndiyo balaa zaidi, maana hata pakiti ya maziwa inahesabika kuwa ni ng'ombe. Unajikuta unakwepa vitu vidogo huku bonge lako linahitaji vitu vidogo ili likue. Halafu ipo ya Nyota ya Kaskazini: unatakiwa utengeneze bonge la mita 10 kamili, na kipimo kimeondolewa kwenye skrini. Unakadiria kwa macho tu.

3. Bila saa. Baadhi ya hatua ukizipita kwa kishindo, bonge likawa kubwa mno kuliko ulivyoagizwa, linageuka nyota yenye mkia na unafunguliwa aina inayoitwa Eternal. Hapo hakuna muda, unaviringisha mpaka uchoke. Ndipo pa kutafutia vitu ulivyokosa.

4. Wawili kwa wawili. Skrini inagawanywa, kila mmoja na bonge lake kwenye kiwanja kidogo, mnashindana kuokota. Na ukimzidi mwenzio ukubwa, unaweza kumwokota yeye mwenyewe pamoja na bonge lake. Kelele za hapo mnazijua.

VITU VYA KUKUSANYA

Sasa tuje kwenye kinachofanya watu wairudie hata baada ya kuimaliza. Viko vya aina tatu.

Zawadi. Mfalme amemletea mwanawe zawadi, lakini akaziangusha njiani. Kwenye hatua za kutengeneza nyota ndimo zilimojificha, ndani ya maboksi, na ukiokota boksi umeipata. Kuna skafu, kuna gitaa, na vinginevyo vya kuvaa. Hazikuongezei kasi wala nguvu, ni mapambo tu. Isipokuwa moja: kamera, ambayo inakuwezesha kupiga picha humohumo ndani ya gemu.

Mabinamu. Ukoo wa kifalme ni mkubwa, na mabinamu wa Mwanamfalme wametapakaa duniani wakihangaika. Kila mmoja ana umbo lake la ajabu na rangi yake. Ukimviringisha binamu amekuwa wako, na utaweza kumchagua kwenye mchezo wa wawili. Wengi wanatembea, na wengine wako sehemu usiyoweza kufika mpaka bonge likue. Ukimwona kwa mbali, kariri alipo, endelea kukua, kisha mrudie.

Orodha ya vitu. Hii ndiyo hazina yenyewe. Kila kitu unachookota, kuanzia pini hadi jengo, kinaandikwa kwenye orodha yako. Unaweza kuifungua, ukakiangalia kitu kimoja kimoja kwa umbo lake na kusoma maelezo mafupi ya kuchekesha yaliyoandikwa kuhusu hicho kitu. Zima muziki, tulia, isome. Utagundua waliotengeneza gemu hii walikuwa wanavipenda vitu vya kawaida vya nyumbani kuliko sisi tunavyovipenda.

Angalizo la muhimu: haya yote yanahifadhiwa kwenye memori kadi kwa PlayStation 2, au kwenye faili la kompyuta unayoichezea. Kwenye kibanda cha gemu mtu mwingine akisevu juu ya ya kwako, zawadi, mabinamu na orodha vyote vimekwenda na maji. Kwa PlayStation 2 tafuta kadi yako mwenyewe utembee nayo mfukoni. Kwa kompyuta, cheza ile moja kila siku na mweleze mwenye kibanda.

SAA YA KWANZA UIFANYE HIVI

Dakika kumi za mwanzo usitafute ushindi. Cheza hatua ya kwanza ya kutengeneza nyota mara mbili au tatu mpaka vidole vizoee kugeuka na kuruka nyuma. Nyota yako mbaya usiihofie, ukirudia na kupata kubwa zaidi utaulizwa kama unataka kuibadilisha.

Halafu songa mbele kwa kanuni moja tu: anza na vidogo vilivyo karibu. Macho yatakuvuta kwa paka, kwa baiskeli, kwa gari. Waache. Paka anakugonga, vitu ulivyookota vinadondoka, bonge linapungua, na saa haikusubiri. Fagia kwanza pini zote na betri zote na pipi zote zilizopo chini ya meza, mstari kwa mstari kama unalima. Dakika moja baadaye yule paka aliyekuwa anakusumbua atakuona anaanza kukimbia, na hapo ndipo unamfuata taratibu mpaka umnase. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa ni kanuni ya kihesabu: kila kidogo kinachonata kinakufungulia kitu kikubwa kidogo zaidi, na ukiruka ngazi unaanguka.

Ukishapita hatua nne au tano, nenda kwenye Kaa upumzike, jaribu Ng'ombe ucheke, kisha mwite mshkaji mmoja mmalizie muda uliobaki kwa wawili kwa wawili. Zawadi na orodha ziache siku nyingine, maana hizo zinataka mtu asiye na haraka.

Ambaye utotoni aliwahi kufunga mpira wa makaratasi na nailoni, akaongeza kamba, akaongeza mfuko mwingine mpaka ukadunda, ataielewa gemu hii haraka kuliko anavyodhani. Na ukishatoka pale kibandani, ole wako: utapita barabarani unaangalia ndoo, kiti, bajaji, nyumba, huku kichwani unavipanga nani anatangulia kunata.

Wenye mbinu zao za dubu mkubwa tumwagieni hapo chini. Tupo pamoja!