Mwana wa Kike na Ngazi ya Zimamoto

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikizungumza juu ya mashairi, mavazi ya harusi na maneno ya kale yanayopotea. Leo wataniwia radhi, kwani nataka kuzungumza juu ya gunia.

Gunia lenyewe lilikuwa la sukari, la kilo 50. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alilitia mchanga mpaka likafika kilo 75, kwa kuwa mchanga ni mzito kuliko sukari, akalishona mdomo kwa uzi wa nailoni. Kisha akawa kila alfajiri, watu wakitoka kusali, analiburura mchangani huko kwao Likoni, yeye na buibui lake na viatu vya mpira. Majirani wakasema mtoto amerogwa. Dada yangu akanipigia simu: "Kaka, njoo umsemeshe mwanao, mimi nimeshindwa."

Nikavuka kivuko. Nilimkuta ameketi juu ya gunia lake, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, gunia hili la nini?"

"Huyu si gunia, mjomba. Huyu ni mtu aliyezimia kwa moshi."

Basi ndipo nilipoambiwa kuwa mtoto amemaliza masomo na anataka kuwa zimamoto. Si karani wa zimamoto wala mpokea simu. Anataka kushika mpira wa maji na kuingia ndani. Nakiri kuwa nilicheka. Nilimwuliza kama keshaona moto, akanijibu kwa adabu kuwa mimi je, nimeuona?

Nimeuona. Nilikuwa chuoni, mwishoni mwa miaka ya 1970, tumo katika juzuu ya Amma, tukasikia ukelele. Nyumba ya makuti ilikuwa inawaka, na makuti yakishika, anayejua pwani anajua, cheche huruka na upepo kutoka paa hadi paa. Maalim alifunga msahafu, tukatoka mbio. Wanaume walikuwa wengi kazini bandarini. Waliokuwapo ni kina mama, wakapanga mstari kutoka kisimani, madebe yakipita mkono kwa mkono. Ndani ya nyumba mlikuwa na mzee mgonjwa asiyeweza kusimama. Wanawake wawili waliingia wakiwa wameinama, wakamlaza juu ya mkeka wake na kumburura mpaka nje. Jambo hilo nimelisimulia mara nyingi barazani, lakini sikupata kulifikiri kwa mintarafu ya kazi ya mshahara.

Nilirudi mjini na mawazo, nikaanza kusoma. Nikaona kwamba shauri hili la mpwa wangu limekwisha kufika mahakamani, tena si jana. Katika mji wa New York, wanawake waliruhusiwa kufanya mtihani wa zimamoto mwaka 1977. Walipofika kwenye mtihani wa nguvu, hapana hata mmoja aliyefuzu. Mmoja wao, Brenda Berkman, aliyekuwa akisomea sheria, hakukubali. Hakudai kuwa wanawake wapunguziwe kazi. Alidai kuwa mtihani ule haukuipima kazi. Jaji Charles Sifton alimpa haki mwaka 1982, mtihani mpya ukatungwa, na mwaka huo huo wanawake wapatao 40 wakaingia katika kikosi ambacho tangu kuundwa kwake hakikuwa na mwanamke. Huko ndani waliyaona mengi ya kuudhi kutoka kwa wenzao, na bibi huyo aliyavumilia. Tarehe 11 Septemba 2001, majumba yale mawili yalipoanguka, naye alikwenda. Alistaafu mwaka 2006 akiwa kapteni.

Mtihani ambao mpwa wangu ameubandika ukutani kwake ni wa huko huko Marekani, na unatumika Kanada pia. Ulitungwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na vyama vya wazima moto na vya wakuu wao, na ni mmoja kwa mume na mke. Mtu huvaa kizibao chenye uzito wa karibu kilo 23, mfano wa nguo nzito na mtungi wa hewa. Kwanza huongezewa kilo 11 mabegani, akapanda ngazi dakika tatu, hatua 60 kwa kila dakika. Kisha mzigo wa mabegani hutolewa, huvuta mpira wa maji, hubeba misumeno, husimamisha ngazi, hupiga nyundo nzito, hutambaa gizani ndani ya njia nyembamba, humburura mtu wa bandia wa kilo 75, na mwisho husukuma na kuvuta dari kwa mti mrefu wenye ndoana. Yote hayo kwa dakika 10 na sekunde 20. Akizidisha, ameanguka.

Fanyeni hesabu nami. Kwa mwanamume wa kilo 90, kizibao kile ni robo ya mwili wake. Mpwa wangu ana kilo 60. Kwake ni zaidi ya thuluthi. Na Mwenyezi Mungu alivyotuumba, tofauti ya nguvu baina ya mume na mke ni kubwa zaidi mikononi na mabegani kuliko miguuni. Basi mwenye akili huanzia pale alipo dhaifu, na pale alipo na nguvu hupageuza silaha.

Hivyo ndivyo alivyofanya, na nyumba yangu ya Mji wa Kale ikawa chuo chake, kwa sababu ina ghorofa mbili na ngazi iliyosimama wima kama mnazi. Siku ya kwanza alijitundika kwenye boriti ya ukumbini, akajaribu kujivuta juu mpaka kidevu kiipite, asiweze hata mara moja. Alining'inia tu kama popo. Nilidhani ataacha. Kumbe kuna njia: alipanda juu ya kigoda, akashika boriti kidevu kikiwa juu, akajiachia kushuka polepole, akihesabu. Siku moja moja, wiki baada ya wiki. Baada ya miezi mitatu akajivuta mara moja, akapiga kelele mke wangu akamwaga chai. Sasa anajivuta mara tano.

Kwa ajili ya vidole alibeba madebe mawili ya maji, kilo 20 kila mkono, kutoka uani hadi juu darini. Wazee wetu waliouza maji kwa mzegazega wangemcheka, maana wao walishinda hivyo kutwa. Kwa ajili ya pumzi alitia mchele kilo 15 katika mkoba wa mgongoni, akawa anapanda na kushuka, nami nimelala chini nikijaribu kutunga beti, kila mizani inakanyagwa na kisigino chake. Nilimwambia apumzike. Akanieleza kuwa huko Marekani, kinachowaua wazima moto kazini kuliko chochote si ndimi za moto, ni moyo. Moyo usiozoezwa hushindwa na joto, uzito na hofu vikija pamoja.

Nilijaribu ngazi ile na mkoba ule. Sitawaambia nilifika wapi.

Ramadhani alipunguza. Alfajiri alilala, akafanya kidogo baada ya tarawehe, akanywa maji mengi mpaka daku. Hilo nalo lilizua maneno, kuwa mwanamke atokeje usiku kuruka ruka. Niliwakumbusha wazee wenzangu barazani kuwa Bi Aisha, radhi za Mungu zimfikie, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda mara moja, na mara nyingine akashindwa. Mmoja akasema hiyo ilikuwa baina ya mke na mume. Ni kweli, nami sikubishana naye, ila mbio ni mbio.

Mwenye neno zito hakuwa wa barazani. Alikuwa baba yake, shemeji yangu, mtu mpole, nahodha mstaafu, ambaye hofu yake haikuwa maneno ya watu bali jeneza. Aliniletea beti tatu zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, akiuliza nani atakayemrudishia mwanawe pindi dari likimwangukia. Sikuwa na jawabu la hilo, na hata sasa sina. Nilimjibu kwa ubeti mmoja tu:

Shemeji moto si mume, hauchagui wa kike,
Wala ngazi si ya dume, aso nguvu asishike,
Mwache mwana ajitume, apimwe na ajulike,
Akishinda tumtume, akishindwa apumzike.

Hakunijibu. Siku kumi hazikuja beti, wala simu.

Ijumaa iliyopita, baada ya Alasiri, nilivuka tena. Gunia lilikuwa limepasuka, mchanga umemwagika. Mpwa wangu alinitazama toka kichwani hadi miguuni kwa namna ambayo mtoto hamtazami mjomba wake.

"Mjomba, una kilo ngapi?"

"Sabini na nane," nikasema, "lakini hizo mbili tatu ni za biriani."

Nikalala chali mchangani na kanzu yangu. Alinikalisha, akanipitishia mikono chini ya makwapa kwa nyuma, akashika kifundo cha mkono wake mwenyewe, akashusha nyonga. Hakuvuta kwa mgongo, alivuta kwa mapaja, akirudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi, na visigino vyangu vikachora mistari miwili mchangani. Mita kumi na zaidi mpaka kwenye pipa tupu, akalizunguka, akaanza kurudi. Katikati ya njia alisita, nikasikia pumzi yake inakwaruza juu ya kofia yangu. Nikataka kumwambia basi.

"Usisimame!" ilisema sauti kutoka mlangoni. "Shusha nyonga, vuta!"

Alikuwa shemeji, ameshika saa mkononi.