Nyumba Inayomlea Mwanamieleka wa Sumo

Oktoba 2025, wanamieleka wa sumo kutoka Japani walishindana kwa siku tano katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mara ya mwisho kuonekana hapo ilikuwa 1991. Pambano moja la sumo aghalabu huisha ndani ya sekunde chache. Ukisukumwa nje ya duara lenye upana wa mita 4.55, au ukigusa chini kwa chochote kisicho wayo wa mguu, umeshindwa. Hakuna raundi ya pili, wala wapiganaji hawagawanywi kwa uzito. Mwenye kilo 120 hupangiwa mwenye kilo 180, na hakuna anayelalamika.

Aliyekwenda kwa ajili ya sekunde hizo ameona sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Wanamieleka hao hawakusafiri peke yao. Waliandamana na waamuzi wanaovaa kimono za hariri, waitaji wanaoimba majina ya wapiganaji wakiwa na upepeo mkononi, na wasusi ambao kazi yao ni kupaka nywele mafuta mazito yenye harufu tamu na kuzifunga utosini. Wote hao ni watu wa jamii moja. Kila mmoja wao aliingia akiwa kijana, akapewa jina jipya, akaanza chini kabisa. Ukitaka kumwelewa mwanamieleka mkongwe anayejiandaa kupigana ng'ambo, kwanza ingia ndani ya nyumba iliyomlea.

Nyumba hiyo huitwa heya. Kuna zaidi ya 40, nyingi zikiwa Tokyo na vitongoji vyake, na hakuna mwanamieleka wa kulipwa asiye na heya. Kijana huweza kujiunga akiwa na miaka 15, akishamaliza elimu ya lazima. Mkuu wa nyumba, oyakata, ni mwanamieleka aliyestaafu, na vijana humchukulia kama baba. Mkewe, okamisan, ndiye mama wa nyumba. Haingii ulingoni, lakini ndiye anayeongea na wazazi wa mtoto anapougua, anayepokea wageni na wafadhili, na ndiye kijana mgeni humwendea usiku akishikwa na kiu ya kwao. Waliotangulia kuingia huitwa kaka, waliofuata huitwa wadogo, na hapo umri wa kuzaliwa hauhesabiwi. Mtu wa miaka 22 aliyeingia jana ni mdogo kwa kijana wa miaka 16 aliyeingia mwaka jana.

Kunapopambazuka, wa chini kabisa ndio wanaotangulia kuamka. Hufagia, huandaa uwanja wa udongo, kisha huanza mazoezi bila kutia kitu tumboni. Wakubwa huja baadaye. Zoezi la msingi ni shiko: kuinua mguu mmoja juu, kuushusha kwa kishindo, kisha mwingine, mara mia na zaidi. Halafu kusukumana kifua kwa kifua hadi mtu ajae vumbi na jasho. Mazoezi yakiisha, mkubwa huoga kwanza na kula kwanza. Mdogo husimama nyuma yake, akimwongezea wali na mchuzi, na zamu yake ikifika sufuria huwa limepungua nyama.

Chakula hicho ni chanko, na kinachojulikana zaidi ni kile cha sufuria moja: mboga, samaki, nyama, maharage ya soya yaliyogandishwa, vyote ndani ya supu. Wakati wa mashindano nyumba nyingi zimezoea kupika kuku. Kuku husimama kwa miguu miwili, kama mpiganaji anavyotakiwa kusimama. Ng'ombe na nguruwe wako kwa miguu minne, na mwanamieleka aliyeweka mikono chini amekwishashindwa. Baada ya kula, watu hulala. Miili ile hujengwa kwa mlo mzito na usingizi wa mchana, miaka nenda miaka rudi.

Mashindano makuu ni sita kwa mwaka, kila moja la siku 15: Januari, Mei na Septemba jijini Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Baada ya kila shindano hutolewa orodha mpya ya vyeo, banzuke, inayoandikwa kwa mkono na waamuzi, jina la mkubwa kwa wino mnene na la mdogo kwa herufi ndogo mno hata uisogeze karatasi karibu na macho. Madaraja ni sita. Kati ya wanamieleka wapatao 600, ni 70 tu wa madaraja mawili ya juu wanaopata mshahara wa mwezi. Hao huitwa sekitori. Sekitori hupata chumba chake, huvaa mkanda wa hariri ulingoni, huweza kuoa na kuhamia nyumbani kwake, na hupewa vijana wa kumtumikia, wamsugue mgongo bafuni na kumbebea mizigo. Wa chini hupata posho ya shindano na chakula, hulala pamoja ukumbini, na walio chini kabisa hutembea nje na yukata, kimono nyepesi ya pamba, na viatu vya mbao hata theluji ikianguka. Anayepanda huonja yote haya kwa siku moja. Anayeshuka hunyang'anywa yote kwa siku moja. Jana alikuwa akitumikiwa, leo anarudi kutumikia.

Kwa sababu hiyo neno "mkongwe" lina uzito wake hapa. Wengi huacha kabla ya miaka 35, magoti yakiwa yameisha. Tamawashi wa heya ya Kataonami hakuacha. Alizaliwa Ulaanbaatar, Mongolia, mwaka 1984, na alipofika Japani, ambako dada yake alikuwa akisoma, hakuwa amewahi kushiriki mieleka ya aina yoyote. Alianza Januari 2004. Januari 2019 alitwaa ubingwa wa daraja la juu, na siku hiyohiyo ya mwisho ya mashindano mkewe alijifungua mtoto wa kiume. Septemba 2022 aliutwaa tena akiwa na miaka 37, mkubwa kuliko bingwa yeyote tangu mashindano yawe sita kwa mwaka, 1958. Septemba 2024 alivunja rekodi ya mapambano mfululizo bila kukosa, iliyokuwa 1,630. Na Julai 2025, akiwa na miaka 40, alimshinda Onosato, ambaye ni yokozuna, cheo cha juu kupita vyote. Hakuna mpiganaji wa cheo chake aliyewahi kumwangusha yokozuna akiwa na umri huo.

Nikitazama rekodi ile ya mapambano mfululizo, sioni nguvu za mtu mmoja peke yake. Naona vijana waliomfunga bandeji kila asubuhi, mpishi aliyejua leo tumbo lake linataka nini, oyakata aliyemkataza kujionyesha mazoezini. Tamawashi mwenyewe anajulikana kwa kazi za mikono: hushona, hutarizi, huoka biskuti. Wanaoshangaa wameusahau mpangilio wa maisha ya heya. Mtu anayelala, kula na kuugulia pamoja na wenzake kwa miaka 20 hujifunza kutuliza mikono na moyo, la sivyo angeondoka zamani.

Hata hivyo, mkongwe ninayemheshimu kupita wote hakuwahi kuvaa hariri. Hanakaze wa heya ya Tatsunami aliingia 1986 na kustaafu Januari 2022, akiwa na miaka 51. Katika miaka hiyo yote hakufika daraja la mshahara hata mara moja. Alipika chanko, aliwaona vijana wa umri wa wanawe wakimpita na kuwa wakubwa, na kila shindano lilipofika alijifunga mawashi, mkanda wa mwanamieleka, kiunoni na kupanda ulingoni asubuhi, wakati viti vingi vikiwa bado vitupu. Mashirika ya habari huandika juu ya mabingwa. Lakini heya isiyo na mtu kama Hanakaze haina wa kumfundisha mtoto mpya jinsi ya kukata mboga, jinsi ya kuanguka bila kuvunjika shingo, na jinsi ya kuinama mbele ya aliyemshinda.

Siwezi kusifu malezi haya bila kutaja mahali yalipoharibika. Juni 2007 kijana wa miaka 17 alifariki baada ya kupigwa na watu wa heya yake, na oyakata wake akafungwa. Novemba 2017 yokozuna Harumafuji alilazimika kustaafu kwa kumpiga mwanamieleka mdogo. Mwaka 2018 chama cha sumo kilitoa tamko la kukomesha ukatili. Wako waliojitetea kwamba fimbo ni sehemu ya mila. Sikubali. Mila ya heya ni kwamba mkubwa anabeba jukumu la mdogo. Anayemuumiza mdogo ameivunja mila hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Vivyo hivyo juu ya wanawake. Kwa desturi mwanamke hakanyagi ulingo wa udongo, kwa kuwa ulingo huo huhesabiwa kuwa mahali patakatifu: kabla ya mashindano waamuzi huufanyia ibada na kuzika ndani yake chumvi, mchele, mwani, ngisi mkavu na kokwa. Aprili 2018, mjini Maizuru, meya alianguka akihutubia juu ya ulingo, na wanawake waliokimbilia kumwokoa wakatangaziwa washuke. Mkuu wa chama aliomba radhi. Uhai wa mtu ulikuwa mkubwa kuliko chumvi ile, na nadhani wazee wa sumo wenyewe waliliona hilo siku ile.

Sisi wa Afrika tuna sehemu yetu ndogo katika historia hii. Mwafrika wa kwanza kuwa mwanamieleka wa sumo wa kulipwa alikuwa Mmisri, Abdelrahman Shaalan, aliyeingia heya ya Otake 2012 na kupewa jina la Oosunaarashi, lenye maana ya dhoruba kuu ya mchanga. Alikuwa Mwislamu pia, wa kwanza. Shindano la Nagoya la Julai 2014 liliangukia Ramadhani, joto likiwa kali, na yeye alifunga. Akiwa na saumu yake, aliwashinda yokozuna wawili, Kakuryu na Harumafuji, siku mbili mfululizo. Kwa watu tunaojua maana ya kusubiri adhana ya magharibi kinywa kikiwa kikavu, hilo halihitaji maelezo. Miaka yake haikuwa mingi: 2018 aliacha baada ya kupatikana akiendesha gari bila leseni, ilhali sheria ya sumo inawakataza wanamieleka wote kuendesha gari. Nilisikitika, kwa sababu alikuwa bado na umri wa kumwezesha kubaki na kuwa mkongwe.

Mkongwe anapoamua kutoka, hunyolewa. Nywele alizofuga tangu ujanani hufungwa kwa mara ya mwisho, naye huketi katikati ya ulingo akiwa amevaa kimono rasmi. Watu wanaoweza kufika mamia hupanda mmojammoja: wafadhili, marafiki, washindani aliowabwaga na waliombwaga. Kila mmoja hukata uzi mdogo kwa mkasi wa rangi ya dhahabu. Oyakata wake hukata wa mwisho, na kishungi huondoka. Wanaume ambao hawakulia hata walipovunjika mifupa hulia hapo.

Kinachofuata hutegemea cheo alichofikia na kama ana jina la uzee. Majina hayo ni 105 tu, na kwa kawaida asiye nalo hawezi kuwa oyakata. Mgeni lazima kwanza achukue uraia wa Japani. Takamiyama, kijana wa kisiwa cha Maui, Hawaii, alifika 1964 bila kujua lugha wala kuzoea baridi. Julai 1972 akawa mzaliwa wa ng'ambo wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la juu. Alipambana mara 1,231 mfululizo katika daraja hilo, akabadili uraia 1980, na kustaafu 1984 akikaribia miaka 40. Kisha akafungua heya yake, Azumazeki, na kumleta kijana mrefu kutoka Hawaii. Alimwamsha alfajiri, akamfundisha shiko, akamlisha, akamkemea. Kijana huyo, Akebono, Januari 1993 alitangazwa yokozuna, mgeni wa kwanza kupewa cheo hicho.