Uanuwai wa kitamaduni na ubunifu kazini

Uanuwai wa kitamaduni kazini ni hali ya watu wenye lugha, desturi, dini au malezi tofauti kufanya kazi pamoja katika taasisi moja. Wataalamu wa saikolojia na uongozi huuchunguza hasa kwa sababu ya uhusiano wake na ubunifu, yaani uwezo wa kutoa mawazo mapya yenye manufaa.

Faida

Kila mtu hutatua matatizo kwa njia alizozizoea. Wafanyakazi wote wakiwa na malezi ya aina moja, huelekea kuona njia zilezile na kupitiwa na makosa yaleyale. Mwaka 2004 Lu Hong na Scott E. Page walionyesha kwa hesabu na majaribio ya kompyuta kwamba, katika mazingira fulani, kundi lenye mbinu mbalimbali linaweza kulishinda kundi la hodari wanaofikiri kwa namna moja. Utafiti huo ulihusu tofauti za kufikiri. Utamaduni ni chanzo kimojawapo cha tofauti hizo.

Changamoto

Mwaka 2010 Günter Stahl na wenzake walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 108 kuhusu timu zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba uanuwai wa kitamaduni huongeza ubunifu, lakini pia huongeza mivutano ya kikazi na kupunguza mshikamano.

Kwa hiyo faida haiji yenyewe. Pale ambapo desturi humzuia mdogo kumpinga mkubwa mbele za watu, mwenye wazo zuri anaweza kunyamaza, na kimya chake kikadhaniwa kuwa amekubali. Vilevile asiyeimudu lugha ya kikao anaweza kuonekana hana la kusema. Viongozi wengine hukabili hali hiyo kwa kukusanya maoni kwa maandishi kabla ya kikao, au kwa kuwapa wadogo nafasi ya kuzungumza kwanza.

Sheria

Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani (1958) unapinga ubaguzi katika ajira kwa misingi ya rangi, dini, asili ya kitaifa na mingineyo. Nchini Kenya, sheria ya utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008 inaagiza kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria za namna hiyo husimamia idadi ya wanaoajiriwa. Kusikilizwa kwa maoni yao hutegemea uongozi wa mahali pa kazi.